Kuomba udaktari wa meno ukiwa Kigoma: anza kabla dirisha la maombi halijafunguliwa

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mwezi wa saba, simu yangu haipoi. Wazazi wa Ujiji, wa Kasulu, wa Uvinza, swali lao ni moja: "Daktari, mtoto anataka kusomea meno kama wewe, tuanzie wapi?" Huwa naumia, maana mambo yanayokula muda yalitakiwa yawe yameshakwisha wakati huo. Kwa hiyo nakuandikia wewe mdogo wangu uliye kidato cha tano au cha sita, matokeo yakiwa bado mbali.

Anza kwa kwenda kutazama. Likizo ikifika, omba barua shuleni, nenda Hospitali ya Maweni au kituo chochote chenye chumba cha meno, uombe kwa adabu kukaa pembeni siku moja. Tazama gego likitolewa. Watu hudhani jino linavutwa. Sivyo. Koleo linasukumwa kwanza chini kuelekea mzizi, halafu jino linatikiswa polepole, upande wa shavu, upande wa ulimi, mpaka mfupa unaoushika mzizi ulegee. Mgonjwa amekamata kiti kwa mikono miwili. Kuna damu, mate, na kama jipu limepasuka, kuna harufu ya usaha inayobaki puani mpaka jioni. Siku hiyohiyo unaweza kumwona mama ameleta mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha, ambaye fizi zake zimekatwa mtaani kwa sababu aliambiwa ana "meno ya plastiki". Vile vilikuwa vichipukizi vya meno yake ya kawaida. Ukiyaona hayo na bado unataka kurudi kesho yake, endelea kusoma hapa.

Mimi mikono yangu iliijua kazi hii mapema. Nilikua nikimsaidia mjomba kushona nyavu Kibirizi, na kulitafuta jicho la wavu lililokatika jua likizama si mbali sana na kuziba tundu dogo ambalo unaliona kwenye kioo tu, tena kinyume. Kama kazi ya vidole inakuchosha roho, ni vizuri ukajua sasa. Vyuo vyetu huchagua kwa matokeo. Hakuna atakayekuita akuulize kwa nini unataka meno, kwa hiyo swali hilo jiulize mwenyewe.

Masomo ni PCB: Fizikia, Kemia na Biolojia. Alama huhesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Jumla ya chini ya alama hizo unayotakiwa kuwa nayo imeandikwa kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na kitabu hicho hutolewa kila mwaka, kwa hiyo usisome cha kaka yako. Kuwa na kiwango hicho kunakupa ruhusa ya kuomba tu. Nafasi wanaigombea wenye alama za juu zaidi, hasa Muhimbili, kwenye shule ya meno kongwe kuliko zote nchini. Masomo ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitali chini ya usimamizi, ndipo usajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Sasa majina, na hapa naomba unisikilize sana. Cheti changu cha kuzaliwa kilimwandika baba "Rashidi". Vyeti vya mtihani vilimwandika "Rashid". Herufi moja! Niliiona siku ninajaza fomu ya mkopo, si kabla. Nilizunguka wiki tatu na hati ya kiapo mkononi, jina langu likakosa awamu ya kwanza ya mikopo, nikafika Dar es Salaam baada ya siku mbili za treni nikiwa na nauli ya daladala na mfuko wa dagaa. Wenzangu walipata bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, mimi nilikuwa nakula kwa shangazi Mbagala na kuwahi kipindi cha saa mbili asubuhi. Usipitie huko. Leo jioni toa cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na fomu zako za shule, viweke mezani pamoja, na usome kila jina herufi kwa herufi. Kama huna cheti cha kuzaliwa, kiombe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, sasa, kisha kihakikiwe, maana Bodi ya Mikopo inataka kilichohakikiwa. Aliyefiwa na mzazi ahakikishe cheti cha kifo nacho kimehakikiwa. Fomu ya mkopo husainiwa pia na serikali ya mtaa na wakili au hakimu, na saini hizo hazipatikani siku moja.

Matokeo yasipotosha, ipo stashahada ya tabibu wa meno, miaka mitatu, chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi. Siioni kama njia ya walioshindwa; baadhi ya waliofundisha mikono yangu ni matabibu. Ukimaliza kwa GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi unaweza kuomba udaktari, lakini alama zako za kidato cha nne zitaangaliwa tena, Hisabati na Kiingereza zikiwemo.

Maombi yenyewe ni mepesi: unaomba moja kwa moja kwenye tovuti ya chuo, unaweka namba zako za mtihani za kidato cha nne na cha sita, unalipia, unapanga kozi kwa mpangilio wa unavyozitaka. Jaza mwenyewe. Ukienda steshenari ukajaziwa, hakikisha namba ya simu iliyoandikwa ni yako na nywila unaijua.

Namba hiyo ni muhimu kwa sababu ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, utatumiwa msimbo wa kuthibitisha chuo kimoja, na una siku chache tu. Baadhi yenu huenda mkawa bado kwenye mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) wakati huo, kambini Bulombora au Mtabila, mbali na simu. Kabla hujaondoka, mwachie laini yako mtu wa nyumbani anayesoma meseji zake kila siku, pamoja na karatasi yenye namba zako za mtihani, nywila, na jina la chuo unachokitaka limeandikwa kwa herufi kubwa.