Ukiwa na pesa ya lenzi moja tu

Ndugu zangu mnaopiga picha katika miombo ya pembeni mwa Lubumbashi, kama pesa inatosha lenzi moja tu, chukueni ya milimita 300, inayovuta vya mbali. Ndege hangoji, ukisogea hatua mbili amesharuka. Kwa wadudu, ongeza pete ya kurefusha kati ya lenzi na kamera. Haina kioo ndani, ndiyo maana bei yake ni nafuu, nayo inakuwezesha kumlenga kipepeo kwa karibu bila kivuli chako kumfikia. Ukirudi kwa ndege itoe, la sivyo wa mbali watatoka ukungu mtupu. Mwezi wa saba nenda alfajiri, wadudu wakiwa wazito kwa baridi. Kasi ya shata, yaani muda kamera inaoruhusu mwanga kuingia, isishuke chini ya 1/500 ya sekunde: picha iliyotikisika haitengenezeki.