Kugombea ukamishna wa bustani Minneapolis: kutoka kuchukua fomu hadi kura kuhesabiwa

Kwetu Tanzania mtu akienda kuchukua fomu ya kugombea, matarumbeta hutangulia. Bodaboda zinapiga honi, akina mama wamevaa vitenge vya sare, na mpiga picha hakosi. Minneapolis, jimbo la Minnesota huku Marekani, unaingia ofisi ya uchaguzi ya jiji, unajaza karatasi, unaapa, unalipa dola 100, unachukua stakabadhi na kuondoka. Nilimsindikiza rafiki yangu kwenye shughuli hiyo, na chai tuliyoiacha kwenye gari tuliikuta bado ina moto.

Shida alizopata zilitokana na mambo aliyodhani hayana uhusiano na fomu: upande wa barabara anaoishi, ndugu waliomchangia, na sahani za pilau. Kwa hiyo fomu nitaipitia haraka, hayo mengine nitayakalia.

Kiti chenyewe

Bodi ya Bustani na Burudani ya Minneapolis ilianzishwa mwaka 1883, na mpaka leo haipokei amri kwa meya wala kwa baraza la madiwani. Ina ardhi yake, ina polisi wake, na ina fungu lake katika kodi ya majengo. Ziwa Bde Maka Ska, ziwa Harriet, maporomoko ya Minnehaha, viwanja vya mpira vya mtaani kwako, vyote viko mikononi mwake. Ukisikia vijana wetu wananung'unika kwamba wamekosa nafasi ya kiwanja Jumapili jioni, ujue wanaoweka utaratibu huo ni watu wa kupigiwa kura.

Makamishna ni tisa, muhula ni miaka minne. Sita wanatoka kwenye wilaya sita za bustani, kila wilaya mmoja, na watatu wanachaguliwa na jiji zima. Mwaka 2017 AK Hassan, mwenye asili ya Somalia, alishinda kiti cha Wilaya ya 3, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba wa kwetu hawafiki huko. Viti vyote tisa vilipigiwa kura mwaka 2025, na uchaguzi ujao ni Novemba 6, 2029. Usiende ukitegemea mshahara: ni kazi ya jioni, na malipo yake hayamtoshi mtu kulipa kodi ya nyumba mjini humu.

Kabla hujamwambia yeyote kuwa unagombea, nenda kakae kwenye kikao kimoja. Vinafanyika Jumatano jioni, viko wazi kwa umma, na mwananchi hupewa muda wa kusema. Rafiki yangu alisikiliza mabishano marefu juu ya njia ya baiskeli, akatoka anatabasamu. Hapo nikajua kweli anakitaka kiti.

Nani anaruhusiwa

Uwe raia wa Marekani mwenye sifa za kupiga kura Minnesota. Uwe umetimiza miaka 21 siku utakayoshika kiti. Uwe umeishi ndani ya jiji, na ndani ya wilaya husika kama unagombea ya wilaya, kwa siku 30 au zaidi kabla ya siku ya uchaguzi. Hakuna anayeuliza shahada wala cheti cha kidato cha nne, na lafudhi haijadiliwi.

Hapa naomba nisimame kidogo. Mwenye grini kadi asiiguse fomu hii, hata akishawishiwa na nani. Kwenye fomu unaapa kuwa una sifa za mpiga kura, na asiye raia akijitangaza kuwa raia anaweza kufungiwa milango ya uraia na hata kuondolewa nchini. Wapo watu waliopata matatizo makubwa kwa kutia saini karatasi ambazo hawakuzisoma. Kama bado unasubiri kuapishwa uraia, bodi huwa na kamati za ushauri za wananchi kwa miradi yake, na huko unaomba kama mkazi tu. Ni mahali pazuri pa kujifunza nani ni nani.

Ramani kabla ya fomu

Rafiki yangu alishinda kiangazi kizima akijitambulisha kwa majirani kama mgombea wa wilaya yao. Siku tulipofungua ramani tukakuta mpaka unapita katikati ya barabara yake. Waliokuwa wakimpikia chai ng'ambo ya barabara ndio wa wilaya ile. Yeye na kitanda chake walikuwa wilaya nyingine. Ilibidi agombee kiti cha jiji zima, ambacho ni mlima wa aina nyingine kabisa.

Mipaka ya wilaya za bustani haifanani na kata za madiwani, na ilichorwa upya mwaka 2022 baada ya sensa ya 2020. Ingiza anwani yako kwenye ramani ya jiji na usome wilaya ya bustani, usije ukasoma namba ya kata. Kama una mpango wa kuhama nyumba mwaka wa uchaguzi, ramani itazame mara mbili.

Fomu

Dirisha hufunguliwa siku 98 kabla ya uchaguzi na kufungwa siku 84 kabla. Mwaka 2025 lilikuwa Julai 29 hadi Agosti 12. Kwa 2029 hesabu inaangukia Julai 31 hadi Agosti 14. Siku ya mwisho ofisi inaacha kupokea fomu saa 11 jioni, na kinachohesabiwa ni karatasi kufika. Ya posta iliyogongwa muhuri mapema ikachelewa njiani haikusaidii.

Karatasi yenyewe ni hati ya kiapo cha mgombea. Ina jina, kiti, anwani, simu na viapo. Usiitie saini nyumbani. Isaini mbele ya ofisa wa kuapisha, na pale ofisini yupo. Chukua kitambulisho chenye anwani unayoishi sasa, si ile ya nyumba ya shemeji uliyofikia mwaka ule.

Jina lipe dakika zake. Sheria inataka jina lako halisi au lile unalojulikana nalo katika jamii, na litachapwa hivyo kwenye karatasi ya kura. Mwenzetu ana majina manne kwenye pasipoti, lakini uwanjani, msikitini na dukani kila mtu anamwita kwa mawili tu. Tuliandika yale mawili. Mpiga kura aliyesimama kwenye kibanda hana muda wa kujiuliza kama huyu ndiye yule.

Ada ya dola 100 zamani ilikuwa 20, ikapanda baada ya wapiga kura kukubali mabadiliko mwaka 2014. Asiyetaka kulipa anaweza kuleta saini za wapiga kura badala yake, ila kwa maoni yangu dola 100 ni rahisi kuliko kuzungukia saini kwenye joto la Julai. Ukibadili mawazo una siku mbili baada ya dirisha kufungwa. Zikipita, jina lako liko kwenye kura utake usitake.

Fedha: harambee ina mipaka

Hapa ndipo tabia zetu nzuri zinapotuponza. Siku rafiki yangu alipotangaza nia, kundi la WhatsApp la ukoo lilichangamka. Binamu wa Mbagala akamtumia dada yake wa Minnesota pesa kwa simu, na ujumbe: "Mpe mwanasiasa wetu." Ilibidi zirudi. Sheria ya Marekani inamkataza asiye raia kuchangia kampeni yoyote nchini humo, ya rais au ya bustani, isipokuwa awe na grini kadi. Na kumpitishia mtu mwingine mkononi hakuzisafishi.

Pesa za kampuni pia hazipokelewi. Mwenye duka la vyakula anachangia kutoka mfukoni mwake kwa jina lake, wala si kwa hundi ya duka. Fungua akaunti ya benki ya kampeni peke yake, mtafute mweka hazina mkali, na kila dola iandikwe imetoka kwa nani. Siku unaporudisha fomu, ondoka na kijitabu cha taarifa za fedha kwa sababu tarehe zake hazisubiri. Kila kipeperushi kichapwe mstari unaosema nani amekiandaa na kukilipia.

Halafu takrima, yaani kumkirimu mpiga kura wakati wa kampeni. Watanzania tunakumbuka Mahakama Kuu ilivyoifuta mwaka 2006. Minnesota nayo haina mchezo: kumpa mpiga kura kitu cha thamani ili akuchague ni kosa. Kilichoachwa ni viburudisho visivyo na kilevi, visivyozidi thamani ya dola 5 kwa mtu, vinavyoliwa palepale mkutanoni. Kwa hiyo chai na maandazi vinapita bila wasiwasi. Pilau ya mbuzi yenye kachumbari na soda, tulipiga hesabu mara tatu, ikagoma kushuka chini ya dola 5. Tukabaki na maandazi.

Kutafuta kura

Vyama vinaingia hata kwenye bustani. DFL, yaani Wademokrasia wa Minnesota, hufanya mkutano wa jiji kabla ya dirisha la fomu, na anayetaka kuungwa mkono hutakiwa kufikisha asilimia 60 ya wajumbe. Si lazima upite huko, ila wajumbe ndio wanaobisha milango, na ukikosa wajumbe andaa viatu vyako.

Kuhusu milango: watu wetu wengi wanaishi kwenye maghorofa, hasa kule Cedar-Riverside, na mlinzi wa chini atakwambia hairuhusiwi. Sheria ya jimbo inasema mgombea aliyejiandikisha haruhusiwi kuzuiwa kuingia jengo la kupanga kufanya kampeni. Mwenye jengo anaweza kudai kitambulisho na kuweka saa za kawaida za kutembelea. Tembea na nakala ya fomu yako na uongee kwa upole. Katika jengo moja mlinzi aliisoma yote, akampigia meneja, akatufungulia, mwishowe akauliza kama kiwanja cha jirani kitawekewa taa.

Sasa kura yenyewe, maana bila kuielewa utaomba vibaya. Tangu 2009 Minneapolis wanapanga wagombea kwa chaguo la kwanza, la pili na la tatu, na hakuna mchujo kabla. Kiti cha wilaya kinataka zaidi ya nusu. Asipofika mtu, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinahamia chaguo linalofuata la waliompigia. Viti vitatu vya jiji vinapimwa tofauti: unagawa kura halali kwa nne na kuongeza moja, hivyo kwa kura 100,000 unahitaji 25,001. Aliyevuka kiwango hicho, ziada yake inagawiwa kwa wengine kwa sehemu.

Kwa hiyo anayekwambia ameshamwahidi mwingine usimnunie. Mwambie: "Mpe huyo ya kwanza, mama, mimi niandike wa pili." Rafiki yangu aliona haya kusema hivyo wiki ya kwanza, aliona ni kama kuomba makombo. Kufika Oktoba ndiyo ilikuwa salamu yake.

Kura za mapema zinaanza siku 46 kabla. Siku yenyewe vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku, na asiyejiandikisha anajiandikisha papo hapo. Asiye na karatasi ya anwani anaweza kudhaminiwa na mpiga kura wa kituo hicho, na mmoja anaruhusiwa kuwadhamini hadi watu wanane. Fulana na vipeperushi viishie futi 100 kutoka kituoni. Usiku huo watatangaza machaguo ya kwanza tu, na kama hakuna aliyefikisha kiwango, kuhamisha kura kunaendelea kesho yake. Sisi tulikuwa tumekodi ukumbi kwa usiku mmoja.