Somo: Kuchagua, Kufufua na Kuendesha Mashindanoni Corvette za 1963 hadi 1967

Corvette za kizazi cha pili, magari ya michezo ya kampuni ya Chevrolet ya Marekani, zilizoundwa katika kiwanda cha St. Louis, Missouri, kuanzia 1963 hadi 1967, huwapotosha wanunuzi kupitia bodi yake. Bodi ni ya faibaglasi, haishiki kutu hata gari likae uani miaka mingi, na mtu anayelizunguka na kuona rangi inang'aa huamini kuwa gari zima ni salama. Chini ya faibaglasi hiyo kuna chuma, na chuma ndicho kinachoamua kama umenunua gari au umenunua deni. Kwa sababu hiyo somo hili linatanguliza chuma, namba zinafuata, na rangi inasubiri zamu yake.

Hatua ya 1: Amua gari litafanya kazi gani

Chama cha National Corvette Restorers Society, kilichoanzishwa 1974, hukagua gari kwa kulilinganisha na jinsi lilivyotoka kiwandani, na tuzo yake ya Top Flight hutolewa kwa gari linalopata angalau asilimia 94 ya alama. Mashindano ya magari ya kale yana matakwa mengine kabisa: vyuma vya kumkinga dereva gari likibiringika, mikanda ya mbio na kizima moto, vitu ambavyo vingi huhitaji kutoboa sakafu. Mshika mbili moja humponyoka. Gari lenye sehemu zake zote za asili lipeleke kwa wakaguzi, na lile lililokwisha kubadilishwa injini na giaboksi ndilo la kupeleka uwanjani.

Hatua ya 2: Chunguza kizimba

Hapa usiwe na haraka. Kuanzia kwenye nguzo za milango, kuzunguka kioo cha mbele na kupita nyuma ya viti, kuna mfumo wa vyuma vilivyochomelewa ambao mafundi wa gari hili huuita kizimba, na bodi imegundishwa juu yake. Mpira wa kioo cha mbele ukichakaa, maji ya mvua hupenya na kutiririka ndani ya nguzo, hukosa pa kutokea kwa kuwa njia za chini zimezibwa na vumbi na majani, na chuma huoza kutoka ndani bila dalili yoyote kwa nje.

Chukua bisibisi, fungua vifuniko vya pembeni karibu na miguu ya dereva na ya abiria, kisha mulika kwa tochi sehemu ya chini ya nguzo zinazoshika bawaba. Gonga taratibu kwa ncha ya bisibisi: chuma kizima hulia, na kilichooza humeguka kama biskuti. Kagua pia pembe mbili za chini za fremu ya kioo cha mbele. Mwisho, fungua mlango na uuinue kidogo. Ukicheza, huenda bawaba tu imelika, lakini ukiona nguzo yenyewe inasogea, mshukuru mwenye gari na uende zako, kwani kukarabati kizimba kilichooza sana hulazimu kubandua bodi, na gharama yake inaweza kuzidi ile ya kuunda injini upya.

Hatua ya 3: Tazama fremu

Gari liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara. Kutu hupenda kukaa pale fremu inapopinda kwenda juu mbele ya magurudumu ya nyuma, kwenye mifuko inayoshika mikono ya saspensheni. Ukikuta lami nzito iliyopakwa karibuni mahali hapo, uliza kwa nini.

Hatua ya 4: Soma namba

Kibao cha namba ya gari kimefungwa kwenye upau wa chuma chini ya kisanduku cha dashibodi. Kwa gari la 1963, namba huanza na 3, ikifuatiwa na 0837 kama lina paa gumu au 0867 kama lina paa la kukunja, kisha herufi S ya St. Louis na namba ya mfululizo. Kwenye injini, namba zimepigwa mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria. Injini ndogo iliyounganishwa Flint, Michigan, ina herufi F, tarakimu nne za mwezi na siku, na herufi za aina ya injini. Zile kubwa za inchi za ujazo 396 na 427 zilitoka Tonawanda, New York, nazo huanza na T. Karibu na hapo hupigwa pia namba ya mfululizo ya gari lenyewe. Tarehe ya injini ni lazima itangulie tarehe ya gari, tena kwa muda wenye mantiki.

Usikiangue kibao cha namba kwa sababu yoyote, hata kwa nia njema ya kupaka rangi chini yake. Huko Kansas, polisi walikamata Corvette ya 1959 mwaka 2017 kwa sababu kibao chake kilikuwa kimetolewa na kurudishwa wakati wa ukarabati. Mwenye gari hakuwa mwizi, lakini ilibidi sheria ya jimbo irekebishwe mwaka 2022 ndipo arudishiwe mali yake.

Hatua ya 5: Bodi na rangi

Vipande vya kiwandani vilikandamizwa kati ya kalibu mbili, kwa hiyo ni laini nje na ndani. Kipande kilichobadilishwa baada ya ajali mara nyingi huonyesha nyuzi zinazoparuza upande wa ndani. Pitisha mkono chini ya madigadi utafute pia vibanzi vilivyounganisha vipande, maana vikikosekana kuna historia hujaambiwa. Rangi ya zamani iondolewe kwa wembe, msasa na dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya faibaglasi pekee. Dawa ya kawaida ya bodi za chuma hula resini, na kupuliza mchanga huchimba mashimo yasiyozibika vizuri.

Gari la 1963 lenye paa gumu lina mwimo unaogawanya kioo cha nyuma, uliotetewa na mbunifu Bill Mitchell na kupingwa na mhandisi Zora Arkus-Duntov kwa kuwa humzuia dereva kuona nyuma. Ulidumu mwaka mmoja tu. Baadhi ya wenye magari hayo waliukata na kuweka kioo kimoja cha 1964, na leo wapo wanaolipa fedha nyingi kuurudisha. Binafsi naona Duntov alikuwa na haki, ingawa soko halikubaliani nami.

Hatua ya 6: Breki

Kuanzia 1965 magurudumu yote manne yalipewa diski, kila kalipa, yaani kibano kinachobana diski, ikiwa na pistoni nne. Mafuta ya breki hufyonza unyevu, ukuta wa pistoni hushika kutu, na uvujaji huanza; tiba inayodumu ni kuweka silivu, yaani mirija ya kutandika ndani ya ukuta huo, za chuma cha pua. Hakikisha pia diski haiyumbi. Ikiyumba kuliko takriban inchi 0.005, pistoni hupigwa huku na huku na kuvuta hewa ndani, na fundi asiyejua ataendelea kutoa hewa kwenye breki bila kupona. Diski za kiwandani zilifungwa kwa ribiti; ukizitoa, weka alama ili zirudi mahali pake.

Hatua ya 7: Uwanjani

Ikiwa gari bado lina injini yake ya asili, itoe, ihifadhi kwenye stendi, na ushindane kwa injini nyingine, kwani fito ya pistoni ikikatika na kutoboa bloku, hakuna fedha itakayorudisha namba zile. Waandaaji wa tamasha la mbio za magari ya kale la Monterey, kwenye uwanja wa Laguna Seca huko California, lililoanza 1974, huchagua magari kwa kuangalia historia na uhalisi wake, hivyo tunza kila karatasi. Kumgonga mwenzako katika mbio hizi ni aibu, tena kunaweza kukufungia mlango.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Houston: Mwalimu, muuzaji anasema gari ni Z06 ya 1963 na namba zote zinalingana. Nitahakikishaje?*

Ndugu, Z06 lilikuwa fungu la vifaa vya mashindano, na magari 199 tu yalipewa, kwa hiyo waigaji ni wengi. Namba ya gari haikuambii vifaa vilivyoagizwa, na stika ya kiwandani juu ya tangi la mafuta ilianza 1967. Dai karatasi za muuzaji wa kwanza. Kwenye injini, sehemu yenye namba iwe na mistari myembamba sambamba ya mashine ya kiwandani. Ukiona mikwaruzo ya mviringo ya grainda, namba huenda zimepigwa upya. Ikiwa sehemu hiyo ni laini na tupu, huenda fundi aliisawazisha tu bila hila, lakini bei ishuke.

*Mwanachama wa Muscat: Yangu ya 1966 huchemka foleni ya mchana, nami nimeshabadilisha rejeta. Shida ni nini?*

Kabla ya kununua kitu kingine, tazama mipira inayoziba nafasi kati ya rejeta, fremu yake na boneti. Ikikosekana, hewa huzunguka pembeni badala ya kupita kwenye rejeta. Kisha kagua klachi ya feni na muda wa kuwasha cheche, kwani cheche ikichelewa injini hupata joto hata ikiwa na maji ya kutosha.

*Mwanachama wa Nairobi: Je, naweza kuagiza moja niionyeshe kwenye Concours d'Elegance, maonyesho ya magari ya hapa kwetu?*

Kanuni za Kenya hutaka gari lililotumika lisizidi miaka 8 na usukani uwe kulia, na Corvette haikuundwa kiwandani na usukani wa kulia hadi kizazi cha nane. Usitegemee ahadi ya wakala. Omba jibu la maandishi kutoka KEBS, shirika la viwango la Kenya, na KRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kutuma fedha Marekani, na kama jibu ni hapana, gari lililohamishiwa usukani kienyeji halitakuvusha bandarini Mombasa wala mbele ya mkaguzi yeyote wa Corvette.