Somo: Kuibadili picha inayojulikana ili kusema mwanamke ni nani

Somo hili ni la wanafunzi wa sanaa wanaoandaa mradi kuhusu utambulisho na uanauke. Hakuna haja ya kubuni umbo jipya kabisa, kwa sababu picha ambayo mtazamaji ameizoea tayari inamweleza mwanamke kwa namna fulani, na kazi yako ni kuyabadili maelezo hayo mbele ya macho yake.

Hatua ya kwanza ni kuchagua picha ambayo kila mtu kwenu anaitambua. Mimi nitatumia mwanamke mwenye mtungi kichwani, anayeonekana katika michoro mingi inayouzwa kwa watalii, mara nyingi bila macho wala mdomo.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka ilhali ndiyo yenye uzito, ni kuisoma picha kwa maandishi kabla ya kushika penseli. Andika anabeba nini, anamtazama nani, nani amempanga asimame hivyo, na kipi kimeachwa nje. Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Nairobi, alizisoma hivyo sanamu za wanawake wanaobebeshwa mzigo: nguzo za Ulaya zenye umbo la mwanamke anayebeba paa, na vigoda vya machifu wa Waluba wa Kongo vinavyoshikiliwa na mwanamke. Mwaka 2019 aliweka wanawake wanne wa shaba nyeusi katika vishubaka vya mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Wameketi, na hawabebi kitu.

Hatua ya tatu: badilisha jambo moja kubwa, mengine yaache yatambulike. Lubaina Himid, msanii aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, mwaka 1984 aliwachukua wanawake wawili wanaokimbia ufukweni katika picha ya mchoraji Picasso, akawafanya weusi, akawatangulizia mbwa, na nyuma yao akaacha vichwa vya wanaume waliofukiwa mchangani. Bado wanakimbia, ndiyo maana tunawatambua. Katika mfano wetu, mtungi unaweza kushushwa chini na mwanamke akaketi juu yake, au uso ukapewa macho yanayomtazama mtazamaji moja kwa moja. Ukifanya yote mawili pamoja na mengine matano, picha ya awali itapotea, na hoja yako itapotea nayo.

Hatua ya nne ni mpangilio. Napendekeza umbo la kanga: pindo pande zote, mchoro katikati ya mji (yaani sehemu ya kati ya kanga), na jina, yaani maneno ya kanga, chini yake kwa herufi kubwa. Wanawake wa pwani wamesema mengi kwa majina ya kanga ambayo hawakuyatamka kwa kinywa, kwa hiyo tunga jina lako mwenyewe.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Nataka kutumia picha ya harusi ya bibi yangu, lakini hataki ibandikwe shuleni.

Marahaba. Basi usiibandike. Muulize kama anaridhia uchore mikono yake tu, au kitambaa alichovaa. Akikataa hilo pia, chagua picha nyingine.

Nafundisha darasa la mchanganyiko. Wavulana nao wafanye zoezi hili?

Wafanye, mwalimu mwenzangu. Waanze na picha za wanawake walizokua wakiziona majumbani mwao, nao waandike kwanza, kwa sababu hatua ya pili ndiyo itakayowaonyesha yale waliyokuwa wakiyaona bila kuyafikiri.

Nikipaka rangi ya maji juu ya fotokopi, karatasi inajikunja.

Ibandike kwanza kwenye karatasi ngumu ya manila kwa gundi nyembamba iliyosambazwa sawasawa, uilaze chini ya vitabu vizito hadi kesho yake, kisha upake rangi kidogo kidogo kwa brashi isiyolowa sana, ukisubiri kila tabaka likauke.