Namna ya Kutengeneza Terariamu kwa Mawe ya Goma

Terariamu ni dunia ndogo ya mimea inayoishi ndani ya chombo cha kioo kilichofungwa. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini terra, yaani ardhi, nalo liliundwa kwa kufuatisha akwariamu, jina la chombo cha kufugia samaki lililoenea Uingereza katika miaka ya 1850. Kitu chenyewe ni cha zamani kuliko jina lake. Mwaka 1829 daktari Nathaniel Ward wa London alifukia buu la nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunika, na baada ya muda akaona kangaga na nyasi vikichipua humo, ilhali kangaga alizopanda nje zilikuwa zikifa kwa moshi wa mji. Mimea hiyo iliishi karibu miaka minne bila kutunzwa, ikafa pale kifuniko kilipoliwa na kutu na maji ya mvua yakaingia.

Kwa sababu hiyo, tafuta bokali yenye kifuniko cha kioo au cha plastiki, ambayo mdomo wake unapitisha mkono.

Kwa upande wa mawe, mkaaji wa Goma, mji wa Kongo ulio karibu na volkano ya Nyiragongo, amebahatika. Yaache yale mazito ya kujengea ukuta, uchague changarawe nyepesi ya volkano iliyojaa vitundu, kwani bokali haina tundu la kutolea maji chini, na vitundu hivyo ndivyo vitakavyohifadhi maji yaliyozidi pamoja na hewa, ili mizizi isioze. Ioshe mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe, kisha uitandaze kwa kina cha sentimita 3. Juu yake weka makaa machache yaliyopondwa, ambayo hupunguza harufu, halafu kipande cha chandarua kikuukuu cha kuzuia udongo usishuke, na mwisho udongo mweusi wa sentimita 5 au 6.

Panda kangaga changa, na uzungushie ule mmea mfupi laini wa kijani unaoota kama zulia kwenye kuta zenye unyevu baada ya mvua. Ubandue taratibu pamoja na udongo wake. Mimea ya uani inatosha kabisa, na hairuhusiwi kung'oa chochote katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga.

Maji ndiyo yanayoharibu kazi za wengi. Nyunyiza vijiko vichache tu, udongo uwe na unyevu bila kutota, kisha ufunge. Maji yanayopanda kama mvuke kutoka kwenye udongo na majani hugeuka matone kwenye kioo na kurudi chini. Kioo kikiwa na ukungu kidogo asubuhi na kung'aa mchana, hali ni njema. Kikifunikwa na ukungu mchana kutwa, fungua kwa saa chache. Kisipoonyesha unyevu wowote kwa siku kadhaa, ongeza kijiko kimoja.

Weka bokali mahali penye mwanga, lakini pasipopigwa na jua moja kwa moja, kwa kuwa kioo kilichofungwa hupata joto la kuunguza majani kwa muda mfupi. Usitie mbolea, maana mimea ikikua haraka itajaza nafasi yote. Jani likioza au likigusa kifuniko, likate na ulitoe.