Somo: Umebakiza TV mbili, OLED na Mini-LED. Uchague ipi?

Wakuu, salamu. Swali hili hunifikia kila mara: mtu ana fedha ya kununua TV nzuri, si ile ya bei ya kutupa wala ile ya kifahari. Ameshapunguza orodha, zimebaki mbili, na usingizi hauji. Mara nyingi mbili hizo ni OLED ya daraja la kati, tuseme LG ya mfululizo wa C, na Mini-LED iliyo juu kidogo, tuseme Samsung ya QN90. Nitazitumia hizo kama mfano. Zako zikiwa Sony na TCL, au Panasonic na Hisense, hatua ni zilezile.

Nianze kwa kukiri. TV yangu ya kwanza ya bei niliichagua dukani kwa dakika kumi, kwa sababu weusi wake ulikuwa kama lami. Nilipoiweka sebuleni ikitazamana na dirisha la magharibi, kila jioni nikawa naangalia mpira pamoja na pazia, kochi na sura yangu mwenyewe. TV haikuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyepima bei nikasahau kupima chumba.

Hatua ya 1: Jua zinapoachana

Kwenye OLED kila pikseli, yaani kitone kidogo cha picha, inawaka na kuzimika yenyewe. TV ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, karibu milioni 8.3. Nyota moja ikitokea kwenye anga jeusi, zinawaka pikseli za nyota hiyo tu, majirani wamelala.

Mini-LED ni LCD, yaani paneli isiyowaka yenyewe bali huangaziwa na taa za nyuma. Jina lisikubabaishe, na QLED nayo isikubabaishe: herufi zinakaribiana na OLED, lakini ukoo ni mwingine. Nyuma ya paneli kuna maelfu ya taa ndogondogo zilizogawanywa katika kanda, kila kanda ikififishwa au kuongezewa mwanga kivyake. Chukua TV yenye kanda 1000: kila kanda inahudumia pikseli zaidi ya 8000. Ile nyota moja inailazimisha kanda nzima iwake, na mwanga unavuja pembeni kama ukungu. Ndiyo maana maandishi meupe ya tafsiri kwenye tukio la usiku huiumbua Mini-LED haraka sana.

Lakini taa hizo zina nguvu. Kwenye sehemu ndogo inayong'aa, OLED ya daraja la kati hufika niti (kipimo cha mwangaza wa skrini) 800 hadi 1000 hivi, Mini-LED nzuri ikapita 1500. Pengo halisi liko pale skrini nzima inapojaa weupe, kama mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Hapo OLED hujipunguza yenyewe ili isipate joto kupita kiasi, ikashuka hadi karibu niti 200. Mini-LED hubaki na mara mbili ya hizo au zaidi.

Hatua ya 2: Pima chumba kabla ya TV

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke. Kaa pale unapokaa siku zote, kwa saa zilezile unazotazama. Zima TV uliyonayo, kisha itazame. Unaona nini kwenye kioo chake? Rudia mchana na usiku, taa zikiwa zimewashwa kama kawaida yenu, maana watu husema "sisi hutazama gizani" kumbe taa ya dari haizimwi kamwe.

Ukiona dirisha limejichora pale na huna namna ya kuliziba, Mini-LED imeshachukua nusu ya ushindi. Na ukiwa bado unaitaka OLED, uliza ni ya aina gani. Zile za QD-OLED, zilizoingia kwenye TV mwaka 2022, zina rangi kolevu kweli, lakini mwanga wa chumba ukizipiga, weusi wake hugeuka kijivu chenye uzambarau. OLED za kawaida huhimili jambo hilo vizuri zaidi.

Kisha hesabu wanaokaa pembeni. Mini-LED nyingi hutumia paneli ya VA, aina mojawapo ya LCD, nzuri ukiwa katikati, ila ukisogea upande rangi huchujuka. OLED haijali sana umekaa wapi. Kwa familia iliyojipanga nusu duara, jambo hili lina uzito kuliko niti zote nilizotaja.

Mwisho chukua futi kamba. Umbali mzuri wa filamu ni kati ya mara 1.2 na mara 1.6 ya ulalo wa skrini. Inchi 65 ni sentimita 165, kwa hiyo ni mita 2 hadi 2.6. Inchi 55 ni mita 1.7 hadi 2.2. Inchi 77 ni mita 2.3 hadi 3.1.

Hatua ya 3: Hesabu saa zako bila kujidanganya

Kwa wiki moja andika mnachotazama kweli. Si mnachopenda kusema mnatazama. Wengi hununua TV kwa ajili ya filamu moja ya Jumamosi usiku, halafu siku sita zilizobaki ni habari, katuni na mpira.

Filamu na tamthilia usiku, hasa zenye giza: OLED. Michezo ya mchana na sebule isiyofungwa pazia: Mini-LED. Chaneli moja yenye nembo ile ile pembeni na mstari wa habari unaopita chini kutwa kucha: Mini-LED bila mjadala, sababu iko kwenye maswali huko chini.

Hatua ya 4: Dukani, omba rimoti

TV za dukani huwa kwenye modi ya maonyesho: mwangaza juu kabisa, rangi zinapiga kelele, video imetengenezwa na kampuni ya TV yenyewe. Hapo hakuna ulinganifu. Omba ziwekwe zote mbili kwenye modi ya Sinema au Filmmaker, kisha chomeka flashi yenye vipande vyako. Mimi hubeba vitatu.

Cha kwanza ni tukio la usiku lenye maandishi ya tafsiri, kwa ajili ya ule ukungu. Cha pili ni mpira, kamera ikifagia uwanja: tazama majani. Ukiona mabaka meusi yaliyosimama huku picha inasogea, paneli hiyo haina usawa wa mwanga, na ukishayaona mara moja utayaona milele. Nakuonya.

Cha tatu wengi hawakijui: filamu ya fremu 24 kwa sekunde, kamera ikizunguka polepole. OLED hubadili picha haraka mno, hivyo kila fremu inasimama tuli kisha inaruka, na macho ya baadhi ya watu huona picha ikikwamakwama. LCD ni nzito kidogo kubadili picha, na uzito huo hulainisha. Kuna mpangilio wa kupunguza tatizo, ila ukiupandisha sana filamu hugeuka kama tamthilia iliyorekodiwa studio. Kama macho yako yanakereka, afadhali ujue ukiwa dukani.

Hatua ya 5: Zunguka nyuma

Hesabu matundu ya HDMI 2.1, yale ya kasi yanayopitisha 4K kwa Hz 120 (picha 120 kwa sekunde). LG za mfululizo wa C zina manne, lakini zipo TV za bei hiyo hiyo zenye mawili tu, na moja kati ya hayo ndilo la eARC, la kutoa sauti nje, ambalo saundiba inalitaka. Kwenye HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa ya mwanga na giza, Samsung haina mfumo wa Dolby Vision, inatumia HDR10+. LG ni kinyume chake. Sikushauri uache TV nzuri kwa hilo peke yake, kwa kuwa picha ya HDR10 ya kawaida huchezwa na zote.

Pima pia miguu. TV ya inchi 65 ina upana wa karibu sentimita 144, na kama miguu iko mwishoni kabisa, meza yako inaweza kuwa fupi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, ni kweli OLED huungua? Baba yangu huwasha chaneli ya habari asubuhi akaizima usiku.*

Ni kweli, ila haitokei ghafla. Pikseli huchakaa kadiri zinavyowaka, na zile za nembo huchakaa kuliko jirani zake, mwisho kivuli kinabaki. Mtu anayechanganya filamu, mpira na gemu huenda asikione kabisa. Mzee wako ndiye hasa anayeweza kukiona. Mnunulie Mini-LED, mwache atazame habari zake kwa amani.

*Mwalimu, sisi huzima TV ukutani kila usiku. Kuna madhara?*

Kwa OLED, yapo. Kila baada ya takriban saa 4 za matumizi, TV ikizimwa kwa rimoti hujifanyia marekebisho ya pikseli kwa dakika kadhaa. Ukikata umeme papo hapo unainyima nafasi hiyo, na ukifanya hivyo kila siku unaharakisha kile alichouliza mwenzako. Zima kwa rimoti, iache kidogo, ndipo ukate. Mini-LED haina sharti hilo.

*Kaka, bei ya OLED ya inchi 55 inalingana na Mini-LED ya inchi 65. Ninakaa mita 2.5 kutoka ukutani.*

Kwa mita 2.5 mimi ningechukua 65. Ubora wa weusi utausifu wiki mbili, udogo wa skrini utaulalamikia miaka. Ingekuwa mita 1.8 ningekujibu tofauti.

*Wanangu wana PlayStation 5. Ipi inawafaa?*

Dada, zote mbili zinacheza 4K kwa Hz 120, na zote zina VRR (skrini kufuata kasi ya picha za gemu), ambayo PlayStation 5 iliipata mwaka 2022. OLED hubadili picha haraka zaidi, vitu vinavyokimbia haviachi mkia. Ila alama za mchezo na ramani ndogo kwenye kona hukaa palepale kwa saa nyingi. Wakicheza gemu moja tu mwaka mzima, mwangaza upunguzwe au chukueni Mini-LED. Na mtumie kebo iliyokuja na mashine yenyewe. Kebo ya zamani mnayoitoa kwenye king'amuzi inaweza kushindwa kupitisha Hz 120.

*Ninachotazama ni chaneli za kawaida, si 4K. Je, nitaona faida yoyote?*

Utaona weusi na rangi, ukali wa picha kidogo tu. Hapa kinachofanya kazi ni kichakataji kinachokuza picha ndogo, na chapa hazilingani. Nenda dukani na kipande cha ubora huo huo wa chini, usikubali kuonyeshwa 4K pekee. Kumbuka pia kwamba skrini kubwa huikuza picha mbovu pamoja na ubovu wake.

*Ninunue ya mwaka huu au ya mwaka jana iliyoshushwa bei?*

Ya mwaka jana, karibu kila mara. Mabadiliko ya mwaka mmoja kwenye daraja hili huwa madogo. Hakikisha tu namba ya modeli ni ileile uliyosoma habari zake, herufi kwa herufi, kwa sababu jina moja huweza kubeba paneli tofauti kulingana na ukubwa au soko.

*Mkuu, mbona hujasema lolote kuhusu sauti?*

Kwa sababu zote mbili ni nyembamba, na spika zake zinaelekea chini au nyuma. Tenga fedha ya saundiba tangu mwanzo. Ikibidi shuka daraja moja la TV uipate, mimi ningeshuka.

*Na wewe mwenyewe sasa unatumia ipi?*

OLED ileile niliyoitaja mwanzoni. Nilihamisha kochi, TV ikaenda ukuta wa upande wa dirisha.