Jinsi ya Kufuatilia Mipaka ya Kariakoo Iliyohamahama

Anayetaka kujua Kariakoo ya Dar es Salaam inaanzia na kuishia wapi asitangulize ramani ya kata, kwa kuwa mwenye duka wa Gerezani, kata ya jirani, naye husema yuko Kariakoo, wala hakosei.

Anza Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi na wakoloni ili kuitenga Uhindini na makazi ya Waafrika, kwani huo ndio mpaka wa zamani ulio rahisi kuuona kwa macho. Ukivuka Mtaa wa Lumumba kuelekea magharibi, umeingia katika eneo lililopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Hapo usiharakishe. Soma vibao vya mitaa, kama Sukuma, Nyamwezi, Pemba na Kongo, uone jinsi majina ya watu na nchi za mbali yalivyokusanywa mahali pamoja. Kisha yalinganishe na ramani za zamani, ambamo Mtaa wa Uhuru utaukuta ukiitwa Kichwele. Waulize wazee walihesabu wapi kuwa ni “mjini” walipokuwa watoto, na majibu yakipishana yaandike yote.

Mwishowe, kutoka soko lililosanifiwa na Beda Amuli, ambalo liliungua Julai 2021, tembea kila upande hadi maduka ya jumla yanapokoma, na uweke alama hapo kwenye ramani yako pamoja na tarehe.